Friza ya Kigamboni iliyotakiwa kufika -35

Friza ilishushwa kutoka kwenye guta mbele ya karakana yangu ikiwa imevishwa godoro. Vipande vya sponji vya unene wa inchi tatu vilikuwa vimebandikwa kwa gundi kwenye kuta zake nne, juu yake plastiki nyeusi, na juu ya plastiki kamba ya manila iliyozungushwa mara tatu. Mwenye friza alikuwa mama wa makamo anayenunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, anavuka nao kwa pantoni hadi Kigamboni, anawasafisha nyumbani, kisha anawapeleka kwenye hoteli na migahawa ya upande wa pili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe utaiweza. Nataka thelathini na tano.”

“Thelathini na tano ipi?”

“Chini ya sifuri. Mpishi amesema bila hiyo hanunui tena.”

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu maombi ya aina hii yanazidi kuja. Yapo ya wauza samaki, yapo ya wauza barafu za watoto wanaotaka zigande haraka, na mara moja nimeletewa la mfugaji aliyetaka kutunza mbegu za ng’ombe. Wote huamini kwamba baridi ya friza imefungwa mahali fulani na mtengenezaji, na kwamba fundi mjuzi anaweza kuifungua. Katika friza hii walikwisha kupita watu wawili waliojaribu kuifungua.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mtaani. Alikata nyaya mbili za thamostati akaziunganisha pamoja, kwa hiyo kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, haikuwa na kitu cha kuiambia ipumzike. Mama alisema siku mbili za kwanza baridi iliongezeka, “hadi barafu ikawa kavu kama unga.” Wiki iliyofuata fundi yule akarudi kuongeza gesi, akiamini kwamba gesi zaidi ni baridi zaidi. Tangu siku ile friza ikawa na baridi ndogo kuliko ilipotoka dukani. Ndipo mama mwenyewe akaamua kuivisha godoro, kwa hoja ambayo hata mimi naiona ya busara kwa mtu asiyejua kilichomo ndani ya kuta: kama blanketi linazuia joto lisitoke, litazuia pia lisiingie. Siku ya tatu baada ya godoro, kompresa ikaanza kuzima kila baada ya dakika kumi na kuwaka tena, halafu ikazima kabisa.

Nilianza na godoro. Nilipolikata, chuma cha nje kilikuwa bado na uvuguvugu kutoka nyumbani. Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui kuhusu friza za kifuniko cha juu za siku hizi. Zamani friza ilikuwa na wavu mweusi wa mabomba mgongoni, na kila mtu aliona joto linatokea wapi. Katika nyingi za sasa wavu huo haupo. Mabomba ya joto yamebandikwa upande wa ndani wa bati la nje, na bati lote ndilo linalotoa joto. Ukilivisha godoro umeziba pua ya mashine. Gesi inashindwa kupoa, shinikizo linapanda, kompresa inachemka, na ovalodi inakata umeme ili mota isiungue. Mama huyu alikuwa na bahati, maana ovalodi ilifanya kazi yake kila mara na mota ilibaki nzima.

Na upande wa ndani? Bati la ndani nalo lina kazi, kwa kuwa mabomba ya baridi yamezungushwa nyuma yake. Ukibandika stairofomu ndani, umeweka kizuizi kati ya baridi na samaki. Katikati ya bati la nje na la ndani kuna povu gumu la sentimita 5 hadi 7, nalo huwezi kuliongeza bila kuivunja friza yote. Ukitoboa ukuta upitishe waya, unaweza kulipata bomba. Nimewahi kupokea friza iliyotobolewa kwa drili kwa ajili ya waya wa taa ya rangi. Bomba la ndani ya povu halina mahali pa kuchomelea, na friza ile ikaishia kuwa kabati la nguo.

Nikaitoa gesi yote ya friza, nikaikusanya kwenye mtungi. Kibao cha mgongoni kilisema gesi ni R134a, gramu 140. Mizani yangu ilionesha zaidi ya 190. Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa pili. Katika friza ya kapilari, yaani kijibomba chembamba kinachopitisha gesi kwenda kwenye mabomba ya baridi, gesi ikizidi inajaa kwenye mabomba ya baridi na shinikizo la humo ndani linapanda, na shinikizo likipanda gesi inachemkia joto la juu zaidi. Baridi ya friza ni kule kuchemka kwa gesi na si kitu kingine, kwa hiyo aliyejaza gramu 50 za ziada aliipandisha friza joto kwa mkono wake mwenyewe. Nikabadilisha draya, kichujio kinachonasa unyevu, nikavuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote mabombani, kwa zaidi ya saa moja (mafuta ya gesi hii yanapenda unyevu mno, na hewa yetu ya pwani haina upungufu wa unyevu), kisha nikapima gramu 140 kwa mizani. Nasisitiza mizani. Kusikiliza mlio na kushika bomba kwa vidole hakukuambii gramu.

Usiku huo niliiacha iwake tupu, thamostati bado imeunganishwa moja kwa moja, na waya wa kipimajoto umepita chini ya mpira wa kifuniko. Karakana ilikuwa na nyuzi 28. Kulipokucha, baada ya saa 14, ilisoma -28, na kwa saa mbili zilizofuata haikushuka hata nusu ya nyuzi. Kijana wangu alifurahi akasema zimebaki saba tu.

Zile saba ndizo zinazonifanya niandike.

Friza iliyo kwenye -28 na haiendi mbele si mvivu. Imefika mahali ambapo joto linaloingia limelingana na joto linalotolewa. Friza hii ina takriban mita za mraba tatu na nusu za ukuta. Kwa povu la sentimita 6, nilikadiria kwamba kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani inaingiza wati moja na theluthi. Nje nyuzi 28 na ndani -28 ni tofauti ya nyuzi 56, sawa na wati 75, na mpira wa kifuniko unaongeza kama 15. Jumla ni wati 90. Sasa tazama kompresa. Ya ukubwa huu, gesi ikichemkia -23, hubeba karibu wati 140 za joto. Ikichemkia -31 inabeba kama 95. Ikichemkia -38, ambako ingebidi iwe ili hewa ya ndani ifike -35, inabaki na kama 55 hivi. Mchana wa Februari wenye nyuzi 32, joto linaloingia kwa baridi hiyo lingepita wati 100. Ukichora, mistari miwili inapishana, wa joto linaloingia unapanda na wa nguvu ya kompresa unashuka, na penye makutano yake ndipo friza inaposimama. Kuikata thamostati kunakuruhusu ufike kwenye makutano hayo, lakini hakuyasogezi.

Kwa nini kompresa ileile inapungukiwa hivyo? R134a kwenye usawa wa bahari, kama tulipo Kigamboni, inachemka kwenye nyuzi -26. Ukitaka ichemke chini ya hapo lazima uivute hadi shinikizo liwe dogo kuliko la hewa tunayovuta. Kwenye -30 gesi ina asilimia 83 tu ya shinikizo la hewa, na kwenye -40 ina nusu. Gesi ikiwa nyepesi hivyo, kila pigo la pistoni linabeba kiasi kidogo. Upande wa pili, bati la nje likiwa na nyuzi 50, lazima gesi isukumwe hadi mara 13 ya shinikizo la hewa. Kutoka -30 hadi hapo ni kuibana mara 16, na kutoka -40 ni mara 26. Juu ya pistoni kuna nafasi ndogo isiyoisha hata ikifika mwisho wa mwendo wake. Gesi iliyobanwa humo inapotanuka tena inajaza silinda kabla gesi mpya haijaingia. Mota inazunguka, umeme unaliwa, na kinachobebwa ni kidogo sana. Tena mota hizi zinapozwa na gesi hiyohiyo inayorudi. Ikipungua, mota inapata joto wakati ule ule kazi yake inapokuwa ngumu.

Na kuna hatari ya kimyakimya. Upande wa baridi ukiwa chini ya shinikizo la hewa, tundu dogo halitoi gesi, linavuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake. Unyevu unafika mwisho wa kapilari unaganda, friza inaacha kupoza, barafu inayeyuka, friza inapoza tena, na fundi asiyejua anabadilisha kompresa mbili kabla ya kuutafuta ukweli.

Kijana wangu alipendekeza tubadilishe gesi. Pendekezo hilo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa nimeona linavyofanywa mitaani. Propani, yaani R290, inachemka kwenye -42, na kwa hesabu ya baridi peke yake inafaa kweli. Zipo friza zinazotoka kiwandani nayo. Lakini hizo zina kompresa iliyopimwa kwa gesi hiyo, kiasi chake kina kikomo (gramu 150 kwa vyombo vya nyumbani), na swichi zake hazitoi cheche karibu na gesi. Hii yetu ina thamostati ya kawaida, swichi ya taa ya kifuniko, na mota ambayo ingelemewa. Propani ni nzito kuliko hewa, na friza ya kifuniko cha juu ni beseni. Gramu 38 kwa kila mita ya ujazo zinatosha kuwaka. Tumbo la lita 300 linahitaji gramu 11 na nusu tu. Ikivuja usiku gramu 12 humo ndani, mama atafungua kifuniko alfajiri, taa itawaka, na cheche ya swichi itakutana na gesi mbele ya uso wake.

Wanaojaza gesi ya kupikia ndio wananikera zaidi. Ile ni mchanganyiko wa propani na butani usio na kipimo kimoja, una maji, na una dawa ya harufu. Nimefungua kompresa iliyolishwa gesi hiyo nikakuta mafuta yake meusi kama lami. Fundi anayeiweka kwenye friza iliyobandikwa kibao cha R134a, kisha asiandike chochote, amemtegea fundi atakayekuja na moto wa kuchomelea.

Kubadilisha kompresa na kuweka ya R404A niliipima pia. Zipo zinazofika -40 bila shida. Ila gesi ile kwenye nyuzi 50 ina shinikizo la karibu mara 23 ya shinikizo la hewa, na sikuwa na njia ya kujua kama mabomba yaliyofichwa ndani ya bati la nje yalitengenezwa kulistahimili. Ningelazimika kuongeza kondensa (mabomba ya kutoa joto) ya nje yenye feni, kapilari mpya na draya. Mwisho wa yote mama angekuwa na kompresa ya biashara kwenye sanduku lenye povu la nyumbani, na bili ya umeme ya kumfilisi.

Wanaohitaji baridi kali kweli kwa kawaida hawatumii kompresa moja. Chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020 hutunzwa kati ya -80 na -60. Friza nyingi za baridi hiyo zina mashine mbili zilizopangwa kama ngazi. Ya kwanza inapoza mabomba ya joto ya ya pili, na ya pili, yenye gesi ya aina nyingine, inashuka kutoka hapo. Huwezi kuipata hiyo kwa kukata waya.

Nilifanya yale yaliyowezekana. Mpira wa kifuniko ulikuwa umechoka kona mbili. Noti ya elfu mbili iliyobanwa hapo ilitoka bila kuvutwa. Nikaweka mpya. Kifuniko hakina mabomba, kwa hiyo ndicho mahali pekee pa juu pa kuongezea kizuizi: bodi ya stairofomu ya sentimita 5 juu yake, kingo zote zimezibwa kwa silikoni ili hewa yenye unyevu isiingie katikati na kutoa jasho. Nyingine kama hiyo chini ya tumbo, mbali na chumba cha kompresa. Nikaisogeza sentimita 20 kutoka ukutani na kuweka feni ya kawaida ipulize bati la nje. Ndani niliweka feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, waya wake bapa ukipita chini ya mpira. Mchana wa nyuzi 31 ikafika -31. Bomba linalotoka kwenye kompresa lilikuwa na nyuzi 104, na mita ya soketi ilionesha uniti tatu na nusu kwa siku. Nikasema hapa basi. Ukiilazimisha ikae hapo mwaka mzima bila kupumzika, unaila kompresa.

Nikampigia simu mama kumweleza kwamba -35 haipo. Alinyamaza, halafu akasema, “Basi mteja amekwenda.” Ndipo nikamwomba kitu ambacho nilipaswa kumwomba siku ile friza iliposhushwa kwenye guta: nizungumze na huyo mpishi.

Mpishi alikuwa mtu mwelewa. Jikoni kwake wanauza samaki wasiopikwa, vipande vyembamba juu ya wali, na anachoogopa ni minyoo michanga ya Anisakis, ambayo inaishi kwenye nyama ya samaki wa baharini na hufa kwa joto la kupika au kwa kugandishwa. Alinisomea karatasi ya mwongozo wao, iliyofuata kanuni za Marekani. Ilisema -35 hadi samaki agande, kisha abaki kwenye -35 kwa saa 15. Nikauliza kama kuna mstari mwingine. Ulikuwepo, juu ya huo: -20 au chini yake, kwa siku saba. Kanuni za Umoja wa Ulaya zina chaguo kama hilo, -20 katika sehemu zote za samaki kwa saa zisizopungua 24. Yeye alimtajia mama -35 kwa sababu ndiyo ya haraka, na hoteli kubwa zina mashine za kuifanya. Nikamuuliza kama atakubali siku saba kwenye -20, zenye kumbukumbu ya maandishi. Akasema atakubali, mradi kipimo ni cha katikati ya mnofu na si cha hewa ya friza.

Sharti hilo la mwisho lilinipa kazi kuliko -35.

Mama alikuwa na desturi ya kujaza kilo 60 za nguru na kolekole kwa siku moja, wazima, wenye joto la mchana, mmoja juu ya mwingine hadi kifuniko. Tukajaribu vilevile kama afanyavyo, sindano ya kipimajoto ikiwa imechomwa katikati ya kolekole wa chini. Baada ya saa 48 hewa ya juu ilisoma -17 na mama aliona barafu kwenye magamba. Katikati ya kolekole ilikuwa -3. Samaki alikuwa na ganda gumu na moyo laini. Miezi yote iliyopita alikuwa akiwauza hivyo akiamini wameganda siku ya pili. Ukikaa muda mrefu kati ya -1 na -5, maji ya nyama yanaganda polepole kwa chembe kubwa zinazochana mnofu, na ukiyeyusha unapata yale maji mekundu yanayochuruzika sahani nzima. Mpishi alikwisha kulalamikia maji hayo, na mama alidhani ni kwa sababu friza “haina thelathini na tano.”

Hesabu yake haina ugumu. Kilo moja ya samaki kutoka nyuzi 28 hadi -20 inatoa karibu kilojuli 390. Kompresa hii, ikiisha kulipa joto linaloingia kwenye kuta, inabaki na kama wati 55 za kugandishia, na hizo kwa siku zinatosha kilo 12. Nilipofuta vumbi kwenye kibao cha mgongoni nikakuta kumeandikwa uwezo wa kugandisha, kilo 14 kwa saa 24. Lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Hata mimi, niliyesoma gramu za gesi mstari wa chini yake, sikulisoma. Ujazo wa lita 300 ni wa kutunzia vilivyokwisha kuganda.

Tukabadilisha utaratibu. Samaki wanatoka Feri wakiwa kwenye barafu, si kwenye ndoo tupu, na wanakaa kwenye barafu hadi wafike karibu na sifuri. Hatua hiyo peke yake inaondoa robo ya kazi ya friza kwa gharama ya barafu ya soko. Wa hoteli wanakatwa minofu ya unene wa sentimita 3, inafungwa kwenye mifuko bila hewa, inapangwa safu moja kwenye nyavu huku feni ndogo ikipuliza. Kilo 15 kwa siku na si zaidi. Tulipopima, katikati ya mnofu ilifika -20 baada ya saa 20. Friza ya pili, ya kawaida, aliinunua kwa mkopo wa kikundi chake, nayo ndiyo ya kutunzia zile siku saba. Zote mbili niliziwekea thamostati ya kidijitali ya STC-1000, zikiwa zimepangwa kwenye -26, zinawaka tena baridi ikipanda nyuzi 3, na zinasubiri dakika 5 kabla ya kuwaka ili kompresa isianze ikiwa bado imebanwa.

Tatizo la jodari sikulitatua. Nyama yake nyekundu hugeuka kahawia kwenye -20 ndani ya wiki chache, na wanaotaka ibaki nyekundu kwa miezi huitunza kwenye -60. Nilimwambia mama jodari wa kuliwa mbichi ampeleke kwenye barafu siku hiyo hiyo, au asimuuze kwa kazi hiyo. Hakufurahi, maana ndiye mwenye bei.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo umeme ukakatika saa sita mfululizo, usiku, siku ya tano ya kundi moja. Binti yake, ambaye ndiye mwandishi wa daftari, alikuta -17.5 katikati ya mnofu. Mpishi akasema hesabu ianze upya, na alikuwa na haki.

Ndipo zile nyuzi za ziada tulizozipata zilipopata kazi. Chumvi kilo 3 ndani ya maji lita 10 inafanya mchanganyiko unaoganda kwenye -21. Kwenye friza ya -18 hautaganda kamwe, lakini kwenye -26 unaganda wote. Ukikatika umeme, mchanganyiko huo ukiyeyuka unashika -21 hadi uishe kuyeyuka, na kwa kiasi hicho unaweza, kwa hesabu, kumeza joto la kuta kwa karibu saa 12. Mama alinunua chumvi ya mawe ya Bagamoyo, tukajaza chupa za plastiki bila kuzifikisha shingoni, tukazipanga ndani ya kreti ili zikivuja zisile bati. Ziligharimu kidogo kuliko gesi ya ziada aliyoongezewa na fundi wa kwanza.

Umeme ulikatika tena wiki tatu baadaye, saa tano na nusu. Daftari linasema: kabla -25.5, baada -20.8. Kundi lile lilitoka siku ya saba kama lilivyopangwa, kilo 14 za kolekole, likavuka na pantoni ya saa kumi na mbili asubuhi.